Alama Tisa za Wifi Yangu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajawahi kumsalimia mtu kabla ya kumpima kwa macho. Unaingia kwake na habari ya msiba, yeye anakutazama mabega, kisha kiuno, kisha pindo la gauni, ndipo anakupa pole. Siku nilipopelekwa kutambulishwa kwao, miaka ishirini na sita iliyopita, alinizungushia tepu kiunoni bila hata kuniomba ruhusa, akaisoma namba kwa sauti mbele ya mama mkwe, akatangaza kwamba kitambaa kilichonunuliwa hakitatosha. Kilitosha. Kilibaki hata cha kushonea foronya mbili, na foronya hizo ninazo mpaka leo, ila hakuna anayezikumbuka isipokuwa mimi.

Nayasema haya mapema ili msije mkanidhania mtu mwema. Katika habari hii watu wema ni wachache, na mimi simo.

Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno. Nakaa upande wa kushoto wa kiti, nashika mpira mwembamba unaofyonza mate ili mgonjwa asipaliwe, nachanganya dawa ya kuziba, naosha vyombo. Ni kazi ya heshima na nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Wifi alipopata habari zake hakungoja hata nimalize kueleza. Aliwageukia wageni waliokuwa sebuleni akasema, "Mke wa kaka yangu kapata kazi. Ananyonya mate ya watu." Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, mume wangu akiwa wa kwanza, na tangu hapo kila shughuli ya ukoo hakosekani mtu wa kuniuliza kama leo nimeshiba. Nami nacheka nao, maana ukinuna ndiyo umekwisha. Lakini lile neno liliniingia, na halikutoka.

Siku hiyo wifi alicheka na meno yote thelathini na mawili. Hapa lazima niseme kweli ingawa inaniuma. Mimi naona vinywa ishirini kwa siku, na sijaona meno kama yale kwa mtu mwingine wa umri wake. Alifika miaka hamsini na minne bila hata moja kutoboka. Yalikuwa yamejipanga kama punje za hindi changa, naye alijua, ndiyo maana hakuwahi kufunga mdomo akipigwa picha. Aliyatunza kwa namna yake mwenyewe, namna iliyonikera. Jioni akishafunika cherehani, anasimama mlangoni mwa duka, anakata kipande cha uzi kutoka kwenye kibiringo, anakizungusha vidoleni, kisha anakipitisha kati ya jino na jino, la kwanza mpaka la mwisho, huku anawatazama wapita njia na mishono yao mibovu. Hakufundishwa na mtu. Anasema zamani unyuzi wa kitambaa ulimnasa kwenye gego, akautoa kwa uzi, akaona raha, akaendelea. Akimaliza anapiga mswaki nyuma ya duka, anafunga mlango, anakwenda zake. Mimi nilikuwa nikimkuta katika hali hiyo nageuza uso.

Kosa lake lilikuwa moja: aliyafanya meno yale kuwa mkasi na koleo. Alikatia nyuzi, alishikia pini, alivutia zipu zilizokwama. Nilimwonya mara moja tu, akaniambia niendelee na mate yangu.

Sasa nimlete daktari wetu. Sisi wafanyakazi tunamwita Asilimia, kwa siri, ingawa nadhani anajua na anaona ni sifa. Ni mtu ambaye ukimpa chai anakuambia asilimia themanini ni maji. Kliniki yetu ina viti viwili na kimoja kimekufa, chumba cha kungojea kina mabenchi manne, feni isiyozunguka na picha ya jino lenye macho na mikono linalotabasamu kama vile halijui kinachoendelea chumba cha pili. Katika mazingira hayo Asilimia alikuwa anatafuta ubingwa, na ubingwa unataka utafiti. Akaamua kupima wagonjwa wa meno wanajua kiasi gani kuhusu afya ya kinywa. Hali ya vinywa vyenyewe haikumhusu. Alitaka kujua wanajua kiasi gani.

Akatunga hojaji ya maswali ishirini, akaandika na karatasi ya majibu, kisha akanikabidhi mimi vyote viwili na kalamu nyekundu. Yeye hakuwa na nafasi ya kuongea na wagonjwa. Kazi yangu ikawa kuwasomea maswali kabla hawajaingia, kulinganisha jibu na karatasi, kuweka alama na kuandika jumla kwenye pembe ya kadi. Sitawaficha, wiki ya kwanza niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Wale wale waliokuwa wananiita "wewe dada wa mpira" sasa walikuwa wananyanyuka nikikaribia benchi.

Na majibu yao, jamani. Niliuliza utando wa meno ni nini, dereva wa lori akanieleza kwamba huo unaondolewa kwa ufagio mrefu, hasa kwenye pembe za dari. Niliuliza meno hutobolewa na nini, benchi zima likajibu kwa pamoja kwamba ni wadudu, na msusi mmoja akaapa kwamba amewahi kumwona mdudu mwenyewe, ana kichwa cheusi. Niliuliza kwa nini fizi hutoka damu, mama mmoja akasema ni damu kuwa nyingi. Nilikuwa najikaza nisicheke, halafu nikifika jikoni kwetu pale kazini ninawaiga mbele ya wenzangu. Kwa taarifa yenu, nusu ya wenzangu hao nao wanaamini habari ya wadudu.

Ingeishia hapo ingekuwa mchezo tu. Lakini dawa za kutibu mzizi wa jino zilikuwa zinakuja kidogo kidogo, na jino moja linataka mgonjwa arudi mara tatu. Zamani Asilimia alikuwa anamwambia mtu afungue kinywa, anatazama, anaamua kama jino litatibiwa libaki au ling'olewe. Sasa alikuwa na namba. Akatuita asubuhi moja akatangaza utaratibu mpya: mwenye alama kumi na kuendelea, jino lake litaokolewa, maana anajua thamani yake na atalitunza. Chini ya kumi, ling'olewe, dawa zisipotee bure. Daktari wa meno wa kituo kingine aliyekuwa amekuja kuazima vifaa aliuliza kama isingekuwa rahisi kutazama tu kinywani. Asilimia akatabasamu kwa huruma, akamwambia macho yana upendeleo, kipimo hakina.

Mgonjwa wake kipenzi akawa mwalimu mmoja mstaafu. Alipata kumi na tisa. Alijibu kwa sentensi kamili, akataja floridi ya dawa ya mswaki, akataja utando, akataja mpaka pembe ambayo mswaki unatakiwa ulale kwenye ufizi. Asilimia aliishika ile karatasi kama cheti cha mwanawe, akaniita niitazame tena. Kisha mwalimu akafungua kinywa, na mimi niliyezoea kila kitu nikarudi nyuma hatua moja. Ugaga ulikuwa umejenga ukuta mpaka meno ya chini hayaonyeshi mipaka. Mtu yule alikuwa anaijua njia yote ya mswaki, ila hakuwahi kuipita. Gego lake likaingizwa kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, ya tatu hakuja, na tulipomwona tena miezi minne baadaye dawa ilikuwa imedondoka na uso umevimba. Asilimia akasema huyo ni mmoja, mmoja hafanyi asilimia.

Habari zikazagaa kwenye mabenchi kwamba yule dada wa mpira ndiye anayeamua. Wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Mwingine alinifuata mpaka nje, ananibembeleza nimwongezee mbili tu, ana jino la mbele na binti yake anaolewa. Nikamkatalia. Nikamwambia hapa hakuna kujuana. Niliwakatalia wote, sikumwongezea mtu hata nusu alama, na nikarudi nyumbani kila siku kichwa kimenivimba kwa uadilifu.

Basi siku ya Jumatano wifi akaja.

Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Zipu ya gauni la bibi harusi ilikwama, akaivuta kwa meno kama kawaida yake, na jino la mbele, la juu kushoto, likapasuka mpaka kwenye mshipa. Alikuwa hajalala siku mbili. Alikaa kwenye benchi la mwisho, hajampima mtu kwa macho, na nilipomfikia akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Litapona, wifi? Maana hili ndilo uso wangu."

Nikamweleza utaratibu. Nikamweleza vizuri, polepole, kama ninavyomweleza kila mtu: kumi, linatibiwa, chini ya kumi, linang'olewa. Akafikiri kidogo, akasema niulize.

Nikauliza. Mswaki mara ngapi kwa siku, akapata. Mtu mzima ana meno mangapi, akayahesabu kwa ulimi kama anahesabu vifungo, akasema thelathini na mawili, akapata. Sukari, akapata. Floridi ni nini, akasema hajawahi kumshonea. Utando, hajui. Ugaga, hajui. Anapaswa kumwona daktari wa meno mara ngapi kwa mwaka, akasema yeye hajawahi kuona sababu ya kwenda, nikaweka sifuri. Swali la kumi na sita liliuliza ni kifaa gani hutumika kusafisha kati ya jino na jino. Akanitazama kama ninamtania.

"Si uzi. Huu hapa wa cherehani," akasema, akavuta kipande kilichokuwa kimening'inia kwenye mkono wa blauzi yake, akanionyesha kwa vidole anavyofanya.

Karatasi ya majibu ilisema: uzi maalumu wa meno. Nikaweka sifuri.

Tulipomaliza nilijumlisha, nikapata tisa. Nikajumlisha tena. Tisa. Nikarudi kwenye lile swali la kumi na sita nikaliangalia kwa muda, kalamu ikiwa mkononi. Nilijua. Sitaki mtu aniambie kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba niliheshimu utaratibu, au kwamba foleni ilikuwa ndefu. Katika watu wote waliopita kwenye mabenchi yale tangu hojaji ianze, ni yeye peke yake niliyemwona kwa macho yangu akifanya kile kitu, kila jioni, mlangoni mwake, miaka na miaka. Daktari alikuwa hatua nne kutoka pale na mlango ulikuwa wazi. Nikakumbuka sebule imejaa wageni, nikakumbuka mume wangu anavyojifuta machozi kwa kicheko. Nikaandika tisa kwenye pembe ya kadi, kubwa, nikazungushia duara. Na nilisikia utamu, Mungu anisamehe. Utamu wa kweli kweli.

Asilimia alichukua kadi kabla hajamtazama mgonjwa. "Tisa," akasema. "Tunang'oa, mama."

Wifi akajiinua kidogo kwenye kiti. Akasema kwa adabu, "Daktari, nakuomba uyatazame kwanza." Akafungua kinywa chake mwenyewe kwa vidole viwili, akavuta mdomo juu, na taa ilikuwa imewaka pale pale. Kipofu angeona. Asilimia akamwambia kwa upole kwamba kila mtu husema hivyo, na kwamba bila elimu jino lile litarudi limeoza baada ya mwaka, halafu akanigeukia mimi.

"Sista, ulisahihisha vizuri?"

Wifi naye akanitazama. Alikuwa bado na vidole mdomoni. Alinitazama tu, kwa jicho la mtu aliyemwona ndugu katikati ya wageni.

"Ndiyo, Daktari," nikasema.

Akamchoma ganzi. Jino bovu hutoka kama limechoka kukaa, lakini lile liligoma. Mfupa ulikuwa umelishika. Asilimia alivuta, akapumzika, akavuta tena, akaweka goti kwenye ukingo wa kiti, jasho likamtiririka, na mimi nikawa nimeshika mpira wangu, nafyonza damu na mate ya wifi yangu. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Lilipotoka, Asilimia aliligeuza chini ya taa akalitazama mzizi wote, mrefu, mweupe, mzima. Ndipo akainama kutazama kinywa kwa mara ya kwanza. Akapitisha kifaa chake fizi hadi fizi. "Ajabu," akasema. "Hana ugaga hata chembe." Akasimama anafikiri, nami nikadhani sasa atauliza. Akasema tumwandike kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, kama kisa kisicho cha kawaida.

Utafiti ulikamilika. Akautoa mbele ya ukumbi uliojaa, na picha za duara zilizokatwa vipande vya rangi ukutani. Asilimia sitini na tatu ya wagonjwa hawana ujuzi wa kutosha. Wifi yangu yumo humo, ndani ya kipande chekundu. Mwalimu mstaafu yumo kwenye kijani. Watu wakapiga makofi, mtu wa mbele akasema elimu inahitajika kwa jamii, wengine wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikapewa karatasi ya shukrani yenye jina langu na sahihi mbili. Nimeitia kwenye droo chini ya vijiko.

Mnataka kujua kuhusu wifi. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu ya miaka ishirini na sita yamepangwa. Hakunitukana. Alirudi dukani akaendelea kushona, ila akiongea anaweka kiganja mbele ya mdomo, hata na watoto. Wateja wake wa siku nyingi walianza kuniuliza kama anaumwa, kwa sababu sasa anapima kiuno, anaandika namba kwenye daftari, na hasemi lolote. Mwanamke mmoja aliyenenepa sana tangu mwaka jana aliniambia alitoka pale dukani akiwa na hofu. Kwenye harusi ya mpwa wetu ilipigwa picha ya ukoo, na yeye ndiye pekee aliyefunga mdomo. Mjomba mmoja akaniuliza kama leo nimeshiba, nikangoja sauti ya wifi ipande juu ya zote kama zamani. Haikupanda. Nikajikuta nimekasirika, sijui na nani.

Mbaya zaidi ni kwamba aliamini. Akiulizwa jino limekwenda wapi, hataji zipu, hamtaji daktari. Anasema, "Mimi nilikuwa sijui kutunza meno. Nilipimwa, nikaonekana sijui." Analisema hilo kwa wateja, kwa majirani, kwa mama mkwe ambaye sasa ni mzee na hasikii vizuri, kwa hiyo analirudia. Na ule uzi wake wa jioni ameuacha. Aliniambia anaogopa ulikuwa unaharibu.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana. Alibisha hodi, yeye ambaye kwa kaka yake huingia kama kwake. Akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akatoa daftari jipya la shule na kalamu, akalifungua ukurasa wa kwanza juu ya magoti.

"Nilijivuna bure, wifi," akasema, kiganja mdomoni. "Kumbe wewe ndiye ulikuwa unajua. Nifundishe, yaliyobaki yasiende na yenyewe. Na nikishajua nitawafundisha wajukuu."

Neno la kweli lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lilikuwa fupi, na mume wangu alikuwa amelala chumbani, na hakukuwa na mtu mwingine wa kulisikia. Niliangalia jinsi alivyolishika daftari kwa mikono miwili. Halafu nikaenda kuitoa karatasi ya majibu kwenye mkoba wa kazini, nikakaa mbele yake, nikaanza kumsomea. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea, na baada ya kila jibu alinishukuru.